Redio ya Ridhaa katika Nyumba ya Watu Wengi

Wakazi wa nyanda za juu za Kigoma hawana haja ya kuelezwa kwa kirefu maana ya simu ya upepo. Kabla ya minara ya simu za mkononi kuenea, hospitali za misheni na ofisi za Serikali zilipashana habari kwa mitambo hiyo, na mashirika yaliyokuja kuwahudumia wakimbizi katika miaka ya 1990, kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, nayo yalikuja na mitambo yake. Lililo geni kwa wengi ni kwamba raia wa kawaida naye anaweza kupewa leseni ya kuwa na mtambo wa namna hiyo nyumbani kwake, si kwa biashara wala kwa kutangaza, bali kwa kujifunza elimu ya mawimbi na kuzungumza na wenzake. Shughuli hiyo ndiyo iitwayo redio ya ridhaa.

Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa Ulaya na Marekani, na vinamdhania msomaji kuwa ni mtu mwenye nyumba yake peke yake, bustani pana na chumba cha faragha. Nilipokuwa masomoni ughaibuni nami niliviamini. Lakini nyumba ya kawaida ya Kasulu au Kibondo ni ya watu wengi: wamo wazazi, watoto na wajukuu, shemeji aliyekuja kusoma, na pengine wapangaji wawili watatu katika vyumba vya uani. Ua ni mmoja, mita ya umeme ni moja, kamba ya kuanikia nguo ni moja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kituo cha redio kinaweza kuwekwa katika nyumba kama hiyo, na kwamba ufinyu wa ua, ambao vitabu huuhesabu kuwa ni balaa, kwa mahitaji yetu una faida yake.

Tuanze na safari ya wimbi lenyewe. Kutoka Kasulu hadi Kibondo ni kiasi cha kilomita 130 kwa mstari ulionyooka. Redio ndogo za mkononi zitumiazo masafa ya megahezi 144 haziwezi kuuvuka mwendo huo kwa nguvu zake zenyewe, kwani mawimbi yake hufuata mstari wa kuonana. Antena mbili zilizosimamishwa mita 10 kila moja juu ya ardhi tambarare huonana kwa kilomita 26 tu, na nchi yetu si tambarare: pana vilima na mabonde, na mto Malagarasi umepita katikati. Inatupasa basi kutafuta njia nyingine, nayo iko juu ya vichwa vyetu.

Katika kimo cha kilomita 250 hadi 350 hivi, miali ya jua isiyoonekana kwa macho huzing'oa elektroni kutoka katika chembe za hewa, na hivyo kufanya tabaka la ioni. Mwaka 1924 mwanafizikia Edward Appleton alithibitisha huko Uingereza kwamba angani mna tabaka linalorudisha mawimbi ya redio, na mwaka 1947 alipewa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake wa anga za juu. Tabaka hilo halirudishi kila wimbi. Wimbi linalorushwa wima kwenda juu hurudi ikiwa masafa yake hayazidi kikomo fulani. Likikizidi, hupenya na kupotelea angani. Kikomo hicho hupanda mchana na kushuka usiku, hupanda jua linapokuwa na madoa mengi na kushuka yanapopungua, katika mzunguko wa miaka 11 hivi.

Hapa Kigoma tumepata bahati ambayo watu wachache wanaijua. Ikweta ya sumaku ya dunia haifuatani na ikweta ya ramani. Katika upande wetu wa Afrika hupita kaskazini zaidi, katika nchi ya Ethiopia. Elektroni zinazoinuliwa juu ya ikweta hiyo mchana huteremka pande zake mbili na kujikusanya katika mikanda miwili, karibu nyuzi 15 kaskazini na nyuzi 15 kusini yake. Ukipima ramani utaona kwamba Kasulu na Kibondo ziko karibu kabisa na ule ukanda wa kusini. Kwa hiyo katika saa nyingi za mchana kikomo chetu huwa juu ya megahezi 7, na bendi ya ridhaa ya kilohezi 7,000 hadi 7,200, yaani bendi ya mita 40, hutufaa sana.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Ikiwa tabaka liko kilomita 300 juu, na Kibondo iko kilomita 130 mbali, wimbi litaondoka Kasulu kwa pembe ya nyuzi 78, karibu wima, lipande, lirudi, na litakuwa limesafiri zaidi ya kilomita 600 ili kufika mahali palipo kilomita 130. Hivyo tunataka antena inayomwaga nguvu zake juu. Antena ya aina hiyo ni waya uliolala sambamba na ardhi kwa kimo kidogo, na hapo ndipo ua wetu mfinyu unapojipatia heshima. Vitabu humhimiza msomaji ainue waya wake mita 15 au 20, kwa sababu mwandishi anataka kuzungumza na Australia. Mwenye ndugu Kibondo ataridhika na mita 4 au 5. Nguvu kiasi zitamezwa na udongo, lakini sehemu kubwa ya zinazobaki zitakwenda tunakotaka.

Urefu wa antena hupatikana kwa kugawa 143 kwa masafa katika megahezi. Kwa megahezi 7.1 jibu ni mita 20.1, yaani mikono miwili ya mita 10 na kidogo, nayo hukutanishwa katikati na kebo iendayo chumbani. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mshazari wa mita 36, kwa hiyo waya utaenea kutoka mwembe wa pembeni hadi nguzo nyuma ya jiko. Ukipungukiwa na nafasi, acha ncha zining'inie kidogo, ila zisifikie mkono wa mtu. Usiulaze waya juu ya bati: paa la mabati huyabadili kabisa masafa ya antena, na mabati yaliyolegea na kushika kutu huweza kuleta mikwaruzo ya ajabu. Wala usiufunge waya wa kituo pamoja na kamba ya nguo. Watu wa nyumbani wataona waya mzuri umekazwa vema na watauanikia khanga. Hilo ni jambo la kutazamiwa, si la kukasirikia. Khanga mbichi huibadilisha antena, na jambo zito zaidi ni kwamba katika ncha za waya mnakuwa na mamia ya volti wakati mtambo wa wati 100 unaporusha, nazo huunguza ngozi. Kwa hiyo kamba ya nguo na ipewe upande wake wa ua kabla waya wa redio haujapandishwa.

Umeme wa mtambo unatakiwa uwe wa volti 12 hadi 14. Mtambo wa wati 100 hufyonza takriban ampea 20 unaporusha, na karibu ampea 1 tu unaposikiliza. Wengi hushangaa mtambo ukizimika ghafla mara wanapoanza kusema, wakadhani umeharibika. Tazama waya wa betri. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 2.5 za mraba, ukiwa na mita 5 za kwenda na 5 za kurudi, hula volti 1.4 katika ampea 20; betri ya volti 12.5 inaufikishia mtambo volti 11.1, nao hukataa. Tumia milimita 6 za mraba, au ulete betri karibu. Fyuzi ya ampea 30 iwekwe palepale kwenye ncha chanya ya betri. Betri ya asidi isilale chumba kimoja na watoto wala isikae karibu na jiko la mkaa, kwani inapochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, ambayo hulipuka.

Kabla ya kununua chochote, chukua kipokezi kidogo cha mawimbi mafupi kinachotumia betri, ukisikilize katika megahezi 7 ukiwa ndani ya nyumba. Huenda utasikia mngurumo mtupu. Zima swichi kuu ya nyumba, kwa ruhusa ya wenzako, usikilize tena, kisha washa kifaa kimoja kimoja. Mara nyingi mkosaji ni balbu ya bei nafuu, chaja ya simu, au kidhibiti cha paneli ya sola. Vifaa hivi hukata na kuunganisha mkondo maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato hurusha mawimbi. Vimezidi majumbani tangu sola zilipoenea, na umeme wa gridi uliofika Kasulu mwaka 2022 haukuvipunguza. Pete za feraiti zikivishwa kwenye nyaya za kifaa hupunguza kelele. Wakati mwingine ni rahisi zaidi kumnunulia mpangaji balbu nyingine.

Udhia huo una upande wa pili. Utakapoanza kusema, sauti yako inaweza kutokea katika sabufa ya jirani, kwa sababu nyaya ndefu za spika zake zimegeuka kuwa antena. Si rahisi kumweleza mtu aliyekuwa akisikiliza taarabu kwamba kosa ni la spika zake. Punguza nguvu, wati 10 kwa njia tuliyoieleza mara nyingi hutosha kufika Kibondo mchana.

Jambo ambalo halina mzaha hata kidogo ni radi. Kabare, katika Kivu, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini, imepimwa kwa setilaiti na kuonekana kupata zaidi ya miali 200 ya radi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, ya kwanza katika Afrika na ya pili duniani. Sisi si Kabare, lakini mawingu yetu ni ndugu wa yale. Chuma kilichochimbiwa ardhini kinafaa, tena kiunganishwe na waya wa ardhi wa nyumba. Hata hivyo udongo mwekundu uliokauka haupitishi umeme vizuri, na fimbo moja haitazuia pigo la moja kwa moja. Kinga ya kweli ni kutenganisha. Kanuni ya nyumba iwe hivi: kebo ya antena hukaa nje ya dirisha, chini, mbali na ukuta, wakati wote ambao mwendeshaji hajaketi mbele ya mtambo. Wengi hufanya kinyume, huacha kebo imechomekwa na kutumaini kuichomoa mvua ikija. Mvua ikija mwendeshaji yuko sokoni, na aliye ndani ni bibi na watoto. Wao hawakuomba redio, na hawapaswi kulazimishwa kuigusa kebo wakati ngurumo zimeanza. Aliyeketi mtamboni naye ahesabu sekunde kati ya mwanga na mlio. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na maongezi yamekwisha.

Leseni pamoja na alama ya kituo, ambayo kwa Tanzania huanza na 5H, hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Usirushe hata neno moja kabla ya kuipata. Kusikiliza peke yake ndiko kutakakokuwa shule yako katika miezi ya kusubiri. Katika wilaya za mpakani waya mrefu na mtu anayezungumza peke yake usiku huzua maswali, na maswali hayo humfikia kila anayelala katika nyumba ile, pamoja na mpangaji asiyejua lolote. Kwa hiyo peleka nakala ya leseni kwa mwenyekiti wa mtaa na kituo cha polisi, uwakaribishe waje kutazama. Waeleze kwamba kanuni za kimataifa zinakataza wanaridhaa wa nchi mbali mbali kuficha maana ya mazungumzo yao kwa mafumbo, na kwamba yeyote mwenye kipokezi anaweza kuwasikiliza.

Jaribio la kwanza lifanywe saa nne asubuhi. Baada ya magharibi, hasa Machi na Aprili au Septemba na Oktoba, sauti huenda zikatetemeka kama zinazopita majini. Ni tabaka la ioni linalochafuka, si mtambo. Kuelekea alfajiri kikomo hushuka, na Kibondo inaweza kutoweka katika megahezi 7 huku vituo vya mbali vikisikika vizuri. Wakati huo huhamwa hadi bendi ya kilohezi 3,500 hadi 3,800, ambayo antena yake inataka karibu mita 40 za waya. Ua wetu hauna mita hizo. Mwembe wa jirani unazo, akikubali.