Mpango wa chuo kikuu uonekane ndani ya bajeti

Leo nataka tulitazame suala ambalo wengi hudhani ni la wahasibu peke yao, nalo ni uhusiano wa bajeti ya chuo kikuu na mpango mkakati wake. Nitalieleza kwa mfano wa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera.

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET). Katika mradi huo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipangiwa kujenga kampasi mkoani Kagera. Hilo ni jambo la kheri. Lakini suala la kujiuliza ni hili: mkopo hujenga jengo mara moja, je, umeme, dawa za maabara na mishahara ya mafundi vitalipwa na nani kila mwaka? Jibu lake liko katika bajeti.

Chuo hicho si kigeni katika kupanga. Kilianza mageuzi yake mwaka 1993, na mwaka 1994 kikawa na mpango mkakati wa muda mrefu. Ugonjwa wa taasisi zetu nyingi ni kuandika mpango mzuri, kisha bajeti ikatungwa kwa kuichukua ya mwaka jana na kuongeza kidogo kila idara. Mpango hubaki kabatini.

Sasa tuiangalie Kagera. Ngara ina nikeli ya Kabanga, ambayo mwaka 2021 serikali iliingia mkataba wa kuiendeleza na kupata hisa asilimia 16 katika Tembo Nickel. Biharamulo ilikuwa na mgodi wa dhahabu wa Tulawaka. Wakulima wa mkoa nao wamepambana na mnyauko wa migomba tangu miaka ya 2000. Kazi ya wasomi ipo.

Tuseme mpango unataka maabara ya magonjwa ya mimea ifanye kazi mwaka wa tatu. Basi bajeti ya mwaka wa kwanza iwe na fedha za kumsomesha mhadhiri, ya pili iwe na za vifaa, na ya tatu iwe na za dawa, mafundi na safari za kwenda mashambani Ngara na Biharamulo. Kifungu kimoja kikikosekana, tutabaki na chumba chenye meza tupu. Na kwa kuwa fedha hazitoshi, chuo kiseme mapema ni kipi kitasubiri.

Rai yangu ni kwamba, kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1, baraza la chuo liweke mpango na bajeti pamoja mezani. Kila lengo lioneshwe kifungu chake, na kila kifungu lengo lake. Wazazi na wabunge wa wilaya hizo wana haki ya kuuliza. Nasi tunaochangia Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza mwaka 2005, tuulize vivyo hivyo.