Ushuru Sifuri Hautoshi Kuuvusha Mzigo

Mkulima wa Tanzania anaweza kuuza parachichi, asali au maua katika nchi za Umoja wa Ulaya bila mzigo wake kutozwa ushuru wa forodha, ingawa nchi yake haijatia saini Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi, maarufu kama EPA. Mwenzake wa Kenya hana nafasi hiyo bila mkataba.

Tangu mwaka 2001 Umoja wa Ulaya umezifungulia nchi zenye maendeleo duni soko lake kwa bidhaa zote isipokuwa silaha na risasi. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika kundi hilo, Kenya haimo. Ndiyo maana mazungumzo ya EPA yalipochelewa mwaka 2014, ni bidhaa za Kenya zilizotozwa ushuru kuanzia Oktoba hadi mwishoni mwa Desemba, na mashamba ya maua ndiyo yaliyolia zaidi. Kenya na Rwanda zilitia saini EPA ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya mwaka 2016. Tanzania ilikataa, huku Rais mstaafu Benjamin Mkapa akionya hadharani kwamba viwanda vichanga vingeumia. Mwishowe Kenya ilikwenda peke yake: ilitia saini Desemba 2023, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Soko hilo halikutolewa bure. Kenya iliahidi kuondoa ushuru kwenye asilimia 82.6 ya bidhaa inazoagiza kutoka Ulaya, hatua kwa hatua kwa miaka 25. Sehemu kubwa ya bidhaa hizo, kama mitambo na malighafi, tayari ilikuwa haitozwi. Zilizolindwa ni pamoja na mazao mengi ya kilimo, nguo na viatu. Kwa hiyo hofu ya Mkapa ilikuwa na msingi, na Kenya nayo ilikuwa na ajira za kuokoa. Anayetaka kuupima mkataba huu asome orodha ya bidhaa zilizolindwa kabla ya kusoma hotuba za viongozi.

Kwa muuzaji, kazi ngumu huanza baada ya ushuru kuondoka. Kwanza athibitishe asili ya bidhaa. Waridi lililopandwa na kukatwa Naivasha, Kenya, halina shida. Shati lililoshonwa nchini kwa kitambaa cha kigeni linakubalika pia. Lakini shati lililoagizwa likiwa tayari, kisha likabadilishwa mfuko tu, si la Kenya wala la Tanzania, na litatozwa ushuru kamili. Hati ya asili iandaliwe kabla mzigo haujaondoka. Kuisaka baadaye ni kusumbuka na forodha.

Kisha yapo masharti ya afya, na hapa ndipo wakulima wadogo wanapoangukia. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa maharage mabichi na njegere kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya viuatilifu. Ushuru haukuhusika hata kidogo, ila wanunuzi walianza kuwakwepa wakulima wasio na kumbukumbu za upuliziaji. Hasara kama hiyo haizuiwi na kifungu chochote cha mkataba. Inazuiwa na daftari: dawa gani, kipimo gani, tarehe ya kupulizia na tarehe ya kuvuna. Cheti cha afya ya mimea hutolewa na KEPHIS, taasisi ya ukaguzi wa afya ya mimea, nchini Kenya, na nchini Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Kama unauza kupitia kampuni au ushirika, dai mkataba wa maandishi. Utaje nani analipia vipimo vya maabara, bei ni ya shambani au ya bandarini, malipo yanatoka baada ya siku ngapi, na hasara inabebwa na nani mzigo ukizuiwa Ulaya. Kifungu hiki cha mwisho kikikosekana, usitie saini.