Mama Mzee na Ngazi za Nyumba ya Mawe

Swali: Mama yetu mtu mzima hulala orofani, Mji Mkongwe, na ngazi zamtisha. Tufanyeje?

Jibu: Lililo la dharura, ndugu yangu, ni kumteremshia kitanda chini, kwa kuwa ngazi za nyumba zetu za kale ni kali na nyembamba, na aliyeishiwa nguvu za magoti hatosalimika kwa kushika ukuta tu. Kisha tazameni msalani: sakafu iliyolainika kwa maji fundi aikwaruze, na bomba la kushikia likazwe kwa skrubu ndefu zipenyazo hadi kwenye jiwe, kwani lipu ya chokaa humung'unyuka, nalo likaja likang'oka mkononi mwake. Taa iwake usiku kucha. Ila msimhamishe kabla ya kumtaka shauri. Nyumba ni yake, tafadhalini mwulizeni.