Kinyongo na Ugonjwa wa Moyo

Katika Kiswahili neno moyo lina maana mbili: nyama ile ipigayo kifuani, na mahali pa nia na maono ya mtu. Waganga wa Ulaya na Marekani wametumia miaka mingi kutaka kujua kama moyo wa namna ya pili waweza kuudhuru ule wa kwanza. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari hiyo, maana wengi wameisikia nusu tu.

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa wenyewe. Moyo hupeleka damu mwilini mwote, lakini wenyewe nao hulishwa na mishipa midogo iuzungukayo. Mafuta yakigandamana ndani ya mishipa hiyo kwa miaka mingi, njia ya damu huwa nyembamba, na mtu akifanya kazi nzito au akighadhibika hubanwa kifua. Njia ikizibwa kabisa na damu iliyoganda, sehemu ya moyo hufa.

Alikuwako London mganga mpasuaji mashuhuri, jina lake John Hunter, mtu wa elimu nyingi na hasira ya upesi. Maumivu ya kifua yalimshika mara ya kwanza mwaka 1773, na baadaye akatambua ya kuwa ugomvi huyaamsha. Alizoea kusema ya kuwa uhai wake umo mikononi mwa mtu mbaya yeyote apendaye kumwudhi. Tarehe 16 Oktoba 1793 alihudhuria baraza la hospitali yake. Mwenzake akampinga, Hunter akanyamaza, akatoka chumbani, akaanguka, akafa, naye alikuwa mwenye miaka 65. Mwili wake ulipopasuliwa, mishipa ya moyo ilionekana imekuwa migumu kama mfupa. Basi hasira ya siku ile siyo iliyoiharibu. Iliikuta imekwisha haribika.

Lakini je, hasira ya miaka mingi yaweza kuleta uharibifu huo? Mwaka 1959 waganga wawili wa San Francisco, Meyer Friedman na Ray Rosenman, walitangaza ya kuwa watu wenye haraka, wapendao kushindana na wepesi wa kukasirika, ndio waugao zaidi. Wakawaita watu wa aina A. Kisha waliwaangalia wanaume zaidi ya 3,000 kwa muda wa miaka minane na nusu, na wale wa aina A wakaugua kadiri ya mara mbili kuliko wenzao. Habari hiyo ikaenea duniani. Walakini wengine walipopima hawakuyaona hayo. Tena baadaye ilijulikana ya kuwa wenye viwanda vya sigara walitoa fedha kwa uchunguzi wa namna hii. Wala si ajabu, maana walipata faida watu wakidhani ya kuwa iuayo ni tabia, si moshi.

Redford Williams na wenzake katika chuo cha Duke waliigawanya tabia ile. Haraka na bidii ya kazi hawakuziona kuwa na hatia kubwa. Walishuku uadui: kutomwamini mtu, kumdharau, kumdhania mabaya kabla hajasema neno. Mwaka 1983 ilitolewa habari ya waganga 255 waliojibu maswali juu ya tabia yao walipokuwa wanafunzi. Baada ya miaka 25, wale waliokuwa na uadui mwingi walikuwa wameugua moyo zaidi. Mwaka 2009 hesabu za uchunguzi mwingi ziliunganishwa: kwa watu wazima wa afya, hasira na uadui viliongeza hatari kwa kadiri ya 19 katika 100. Ni kitu, lakini si kama hatari ya sigara.

Njia yenyewe ni hii. Mtu akikasirika, tezi zilizo juu ya mafigo hutoa adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, mishipa hukazika, na damu huwa tayari zaidi kuganda. Hayo humfaa aliyekutana na simba. Lakini simba huenda zake. Mwenye kinyongo hukutana na simba wake kila asubuhi, njiani, kazini, hata mezani pake. Kadhalika watu hao huvuta sigara na kunywa pombe kuliko wengine, na rafiki zao ni wachache. Wataalamu walipotenga mambo ya sigara na uvivu wa mwili, tofauti ilipungua sana.

Kwa hiyo mwalimu aendaye kumtazama mgonjwa asimwambie ya kuwa chuki yake ndiyo iliyomwuguza. Wapole nao huugua, na shinikizo la damu halimwulizi mtu tabia yake. Abanwaye kifua apelekwe hospitali siku ile ile.

Wala tabia haikupigwa muhuri. Mwaka 1986 Friedman alitoa habari ya watu zaidi ya 800 waliokwisha kupatwa na ugonjwa huu. Wengine walifundishwa mambo ya ugonjwa tu. Wengine waliongezewa mafundisho ya kutuliza haraka na hasira, kama vile kumsikiliza mwenzao mpaka amalize. Katika miaka minne na nusu, wa kwanza walishikwa tena kadiri ya 21 katika 100, na wa pili 13.