Haki za Anayekamatwa na Polisi katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Katika wilaya za mpakani kama Ngara, ambako Kihangaza na Kishubi hukaribiana sana na Kirundi, swali la uraia linaweza kutangulia swali la kosa, kama ilivyodhihirika Septemba 2013 wakati Operesheni Kimbunga ilipowasaka wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Kwa sababu hiyo, inafaa mkazi atunze cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA, na nakala zake azikabidhi kwa ndugu anayeweza kuzifikisha kituoni.

Mamlaka ya polisi ya kukamata yanatokana na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ambayo inamtaka askari amweleze anayekamatwa sababu ya kukamatwa kwake, isipokuwa pale ambapo mazingira yenyewe yanaidhihirisha au mtu huyo anapambana au kutoroka. Asiyeridhika aulize sababu bila kushika wala kusukuma, kwa kuwa ukaidi humpa askari uhalali wa kutumia nguvu za kiasi.

Upekuzi wa nyumba kwa kawaida huhitaji hati, yaani kibali cha maandishi. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, na mali inayochukuliwa hutolewa stakabadhi ambayo mwenye nyumba na mashahidi huitia saini, hivyo ni busara mwenyekiti wa kitongoji aitwe kabla kazi haijaanza.

Kituoni, muda wa msingi wa mahojiano ni saa 4, na huweza kuongezwa kwa kufuata utaratibu, ingawa muda wa safari ya kutoka kijijini hadi kituoni hauhesabiwi. Mtuhumiwa hapaswi kulazimishwa kujibu maswali yanayohusu kosa, anaweza kuomba kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na asitie saini maelezo ambayo hajayasoma au hajasomewa. Dhamana, yaani kuachiwa kwa ahadi ya kurudi, hailipiwi.

Ndugu wa mtuhumiwa na waandike saa ya kukamatwa na kituo alikopelekwa, wamwone mkuu wa kituo, kisha watafute msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kizuizi kikiendelea isivyo halali, Mahakama Kuu huweza kuombwa iamuru aliyezuiliwa afikishwe mbele yake, na hapo kumbukumbu ya saa na mahali huwa sehemu ya ushahidi.