SOMO LA KIKUNDI: MKONO ULIOPOOZA HUFUNDISHWA UPYA



Mtu akipata kiharusi, yaani stroki, mshipa wa damu huziba au hupasuka ndani ya ubongo, na sehemu fulani ya ubongo hufa. Mkono wenyewe hauna kidonda. Anayeuamrisha ndiye hayupo tena.

Lakini sehemu za ubongo zilizobaki zaweza kujifunza kazi hiyo, mradi mkono utumiwe tena na tena. Usipotumiwa, ubongo huusahau.

Wengine wamesikia ati ng'ambo kuna mashine ya kuamsha ubongo kwa umeme, na jamaa huuliza kama wauze ng'ombe. Basi tueleze. Mashine moja, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2021, huwekwa kwa upasuaji chini ya ngozi ya kifua. Waya wake hufika kwenye neva ya shingoni inayopanda hadi ubongoni. Mgonjwa akifanya zoezi, mtaalamu hubonyeza, na umeme kidogo hupita kwa nusu sekunde. Ilijaribiwa Marekani na Uingereza kwa watu 108 waliokuwa wamepooza mkono kwa muda mrefu. Wote waliwekewa, lakini ni nusu tu waliopata umeme wa kutosha. Wote walifanya mazoezi yale yale kliniki kwa wiki 6, mara 300 na zaidi kila kipindi. Miezi 3 baadaye, karibu nusu ya wale wa umeme walikuwa na nafuu ya maana. Wale wengine ilikuwa kama robo.

Angalieni hiyo robo. Nafuu yao ilitoka kwa mazoezi, bila umeme. Kwa hiyo ng'ombe abaki zizini kwanza.

Kosa tunaloliona sana vijijini ni la upendo. Baba amepooza, basi tunamlisha, tunamfunga vifungo, tunamchotea maji. Mkono unakaa mapajani mwaka mzima mpaka vidole vinakunjamana. Mpeni kazi! Aketi mezani, ahamishe pojo au maharagwe kutoka bakuli moja hadi lingine. Apanguse meza kwa kitambaa, mkono mzima ukiusaidia ule mgonjwa. Achambue mboga. Akichoka apumzike, kisha aanze tena. Asikasirikiwe akimwaga.

Msimwinue kwa kuvuta mkono uliopooza, bega huteguka. Akilala, utegemezeni kwa mto.

Kabla ya kuanza, mpelekeni kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa mfano katika hospitali ya rufaa ya Moi pale Voi, aonyeshe mazoezi yanayomfaa. Presha nayo ipimwe na dawa zisikatizwe, maana stroki hurudi. Kwa mtu wa Sagalla au Mgange nauli si mchezo, na hapo ndipo kikundi kinapoingia.

Ya kujadiliana:

Ni nani kijijini kwetu amepooza mkono, na anafanya kazi gani kwa siku?

Akiba yetu yaweza kutoa nauli ya mgonjwa na mtu wa kumsindikiza mara ngapi kwa mwezi?

Nani atakwenda kukaa naye Jumatatu, na nani Alhamisi?