Kuutambua Uyoga wa Porini: Somo la Kwanza

Mvua zianzapo kunyesha katika misitu ya miombo, uyoga huchipuka na wengi huuchuma kwa kitoweo. Mwanafunzi anayeanza huuliza: ni alama ipi moja iutambulishayo uyoga wenye sumu? Alama hiyo haipo. Husemwa kwamba uyoga wenye sumu hukifanya kijiko cha fedha kiwe cheusi, au kwamba ulioliwa na wadudu ni salama. Yote mawili si kweli. Konokono huweza kula uyoga umwuao binadamu. Wala kuuchemsha hakuiharibu amatoksini, sumu iliyomo katika uyoga uitwao Amanita phalloides.

Uyoga hutambuliwa kwa sifa zake zote pamoja. Yafaa zichunguzwe kwa utaratibu huu:

1. Kitako cha shina. Usiukate uyoga, uchimbue mzima. Aina nyingi za uyoga wa mchwa (Termitomyces) zina mzizi mrefu ushukao hadi kwenye kuvu inayolimwa na mchwa ardhini. Amanita nyingi zina mfuko kitakoni, nao hubaki udongoni shina likikatwa.

2. Kofia. Tazama umbo, rangi, magamba, na bapa nyembamba zilizo chini yake. Tazama pia kama shina lina pete.

3. Rangi ya spora. Ilaze kofia juu ya karatasi, nusu nyeupe na nusu nyeusi, uifunike kwa bilauri usiku kucha. Spora za uyoga wa mchwa huacha alama ya rangi ya waridi. Za Amanita, nyeupe. Chlorophyllum molybdites, uotao penye majani mafupi na kusababisha kutapika na kuhara, huacha alama ya kijani.

Hata hivyo, sifa moja haitoshi kutoa hukumu. Amanita loosii ina spora nyeupe, nayo huliwa katika nchi za miombo.

Kosa hapa halisahihishwi upesi. Dalili za amatoksini hukawia, kwa kawaida saa 6 hadi 24. Baadaye mgonjwa huonekana kupata nafuu, kumbe ini laendelea kuharibika. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga alioula.

Zoezi: Kila mwanafunzi achore uyoga mmoja mzima na kuandika sifa zake. Asiuonje, na anawe mikono. Usiotambuliwa kwa yakini na mjuzi wa mahali hapo usiingie chunguni.